Baa ya kulipwa kila usiku au hoteli ya mshahara wa mwezi: cha kupima kabla hujakubali

Ukitafuta kazi ya uhudumu Dar es Salaam, majibu mengi huja kwa sura mbili. Baa ya Sinza au Tabata inakwambia anza leo jioni: njoo na sketi nyeusi na blauzi nyeupe, mkishafunga hesabu unapewa elfu kumi yako mkononi. Hoteli ya mjini au mgahawa wa Masaki unataka barua, vyeti, namba ya NIDA na muda wa majaribio, kisha mshahara uingie benki mwisho wa mwezi. Makala haya ni ya aliyepata zote mbili, au aliyepata ya kwanza na anajiuliza kama aisubiri ya pili.

Jambo moja liwekwe wazi mapema, kwa sababu wengi hupotelea hapo. Kulipwa taslimu si kuvunja sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaruhusu ujira ulipwe kwa siku, wiki, wiki mbili au mwezi, na uwe taslimu, hundi au kupitia benki. Inachodai ni kwamba ulipwe siku mliyokubaliana, upewe na karatasi inayoonyesha hesabu yako. Zipo baa zinazolipa mkononi na mikataba yao ni safi. Zipo pia hoteli zinazolipa benki huku makato ya wafanyakazi ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, hayafiki yanakotakiwa. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni hili: siku mambo yakienda kombo, mteja akikimbia na bili, ukiugua, ukiambiwa usije kesho, mzigo unamwangukia nani?

Nitapima kazi hizi mbili kwa mambo matano: fedha inayofika nyumbani, shoti (yaani upungufu wa hesabu unaodaiwa mhudumu), saa za usiku na njia ya kurudi, ugonjwa na mimba, na ushahidi kwamba ulikuwa mfanyakazi wa pale. Vifungu vya sheria nitakavyovitaja ni vya Tanzania Bara. Zanzibar ina Sheria yake ya Ajira ya mwaka 2005 na mfuko wake wa hifadhi, ZSSF.

Fedha inayofika nyumbani

Tufanye hesabu ya mfano. Baa inalipa shilingi 10,000 kwa siku, unafanya siku 26, unapata 260,000. Hoteli nayo inakupa mshahara wa 260,000. Kwa macho ni sawasawa.

Kwa upande wa baa, toa nauli ya usiku kwanza. Mkifunga saa 8 usiku hakuna daladala, na bodaboda ya 3,000 kila usiku inakula 78,000 kwa mwezi. Unabaki na 182,000. Sasa ongeza chenji wanazokuachia wateja. Mhudumu mchangamfu, baa ikijaa Ijumaa na Jumamosi, anaweza kuliziba pengo hilo lote na kuzidi. Ila chenji zina misimu yake. Kuanzia tarehe 25 hadi siku za mwanzo za mwezi watu wana fedha. Katikati ya mwezi meza zinakaa tupu, Januari inakuwa ngumu, na mwezi wa Ramadhani baa nyingi hupoa. Siku kama hizo meneja anaweza kukuangalia saa 1 jioni na kukwambia, "Leo hakuna watu, nenda kapumzike." Nauli ya kuja umelipa, posho, yaani elfu kumi yako ya siku, hupati.

Kwa upande wa hoteli, kutoka 260,000 hukatwa asilimia 10 ya NSSF, yaani 26,000, na mkononi inabaki 234,000. Kodi ya mapato hukatwi, kwa sababu mshahara usiozidi 270,000 kwa mwezi hautozwi. Mwajiri naye anaweka 26,000 yake, hivyo kila mwezi kwenye jina lako inaingia 52,000, na kwa mwaka ni 624,000. Fedha hiyo huwezi kuitoa ukitaka kulipa kodi ya chumba, na wapo wanaoona ni kama haipo. Mimi naihesabu kama mshahara, mradi uwe umehakikisha kwamba inapelekwa.

Baa ina faida moja kubwa ambayo watu wenye mishahara huisahau: inakulisha leo. Anayeanza kazi ya mwezi tarehe 1 anahitaji nauli na chakula cha siku thelathini kabla ya kuona shilingi yoyote. Kama huna wa kukukopesha, mwezi huo wa kwanza hauvukiki, na kukwambia "subiri kazi nzuri" ni kukwambia ushinde na njaa. Nalisema hili kwa sababu ushauri mwingi wa ajira umeandikwa na watu ambao jioni wana pa kula.

Usikubali mpango wa tatu unaojificha ndani ya ule wa kwanza, ule usio na posho kabisa. Unaambiwa "utaishi na chenji za wateja", au unalipwa kwa idadi ya kreti ulizouza tu. Amri ya kima cha chini cha mshahara ina kiwango cha migahawa, nyumba za wageni na baa, kilichopangwa kwa saa, siku, wiki, wiki mbili na mwezi, kwa hiyo hata kibarua wa siku moja ana kiwango chake. Chenji ya mteja ni zawadi juu ya ujira. Haiwezi kuwa ndiyo ujira wenyewe.

Shoti

Hapa ndipo kazi za baa zinapowavunja watu wengi, na hapa ndipo pa kuuliza maswali mengi kuliko kwenye posho.

Baa nyingi zinaendeshwa hivi: jioni mhudumu anapewa fedha ya kuanzia, au anachukua vinywaji kaunta kwa jina lake. Kila bia anayoitoa ni deni lake kwa kaunta. Mteja akilipa, deni linafutika. Mteja akitoka kwenda "kupokea simu" akapotea, deni linabaki kwa mhudumu. Meza ya watu sita iliyoagiza bia na nyama choma ikiondoka bila kulipa, shoti inaweza kuzidi posho ya wiki nzima. Kuna chupa iliyovunjika, noti bandia iliyopokelewa gizani, na hesabu ya kaunta isiyolingana na yako wakati wote mmechoka. Mwisho wa usiku unaambiwa: leo hupati kitu, na kesho unadaiwa.

Sheria hairuhusu kukatwa hivyo. Mwajiri akitaka kukata ujira kwa ajili ya hasara, lazima hasara hiyo iwe imetokea kazini na kwa kosa lako. Akueleze kwa maandishi sababu, kiasi na jinsi alivyokipata. Akupe nafasi ya kupinga. Uwe umekubali makato hayo kwa maandishi. Na makato yasizidi robo ya ujira wako. Kwa posho ya 10,000, shoti ya 30,000 iliyothibitishwa ingekatwa isiyozidi 2,500 kwa siku hadi iishe. Mteja aliyekimbia wakati wewe unahudumia meza nyingine, na mlangoni hakuna mlinzi, ni vigumu kuitwa kosa lako.

Najua umbali uliopo kati ya kifungu cha sheria na kaunta ya saa 8 usiku. Msichana aliyeanza kazi juzi hamwambii meneja habari za robo ya ujira. Ndiyo maana swali liulizwe mchana, kabla ya kuanza, kwa adabu: "Samahani bosi, mteja akiondoka bila kulipa, hapa kwenu utaratibu ukoje?" Jibu litakuonyesha mengi. Pakiwa na utaratibu mzuri utasikia kwamba mteja hulipa kila raundi, au analipa kwa Lipa Namba ya ofisi, au mlinzi huangalia meza. Ukisikia "hiyo ni juu yako", basi hesabu yako ya 260,000 ifute uanze upya.

Hotelini nako shoti ipo. Glasi zinavunjika, bili za vyumba zinapotea, na sehemu nyingine hasara hugawanywa kwa zamu nzima, hata kwa asiyehusika. Tofauti ni kwamba bili hutoka kwenye mashine ikiwa na jina la aliyeagiza, mteja wa chumbani ana pasipoti au kitambulisho mapokezi, na makato yakifanyika yanaonekana kwenye karatasi ya mshahara. Kinachoonekana unaweza kukipinga. Kwa upande mwingine, mhudumu wa hoteli anaweza kukatwa mwisho wa mwezi kwa kosa la tarehe 3 alilokwisha kulisahau, wakati wa baa anamalizana na mambo usiku uleule.

Saa, usiku na njia ya kurudi

Kwa kazi zote mbili sheria ni moja: saa 45 za kawaida kwa wiki, siku zisizozidi 6, saa zisizozidi 9 kwa siku. Muda wa ziada hulipwa mara moja na nusu, na kazi ya sikukuu hulipwa mara mbili. Anayefanya kazi kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi anastahili nyongeza ya angalau asilimia 5 ya ujira wa msingi kwa kila saa ya usiku.

Hotelini zamu huandikwa ubaoni. Unajua wiki hii ni asubuhi, wiki ijayo ni usiku, na hoteli kubwa nyingi zina gari la kurudisha wafanyakazi. Baa haina zamu ya namna hiyo: unaingia saa 9 au 10 alasiri na unatoka wateja wakiondoka. Ukiwa na mtoto mdogo na huna wa kumwachia usiku, hoja hii peke yake inaweza kumaliza mjadala. Ukiwa mwanafunzi au una biashara ya mchana, hiyohiyo inageuka kuwa faida, kwa sababu asubuhi yako yote ni yako.

Njia ya kurudi ni usalama, wala si suala la nauli tu. Uliza kama wenzako wanaokaa upande wako hurudi pamoja, na kama baa ina bodaboda inayoaminika. Uliza pia habari ya ofa. Mteja anayekununulia kinywaji si tatizo kama una ruhusa ya kukataa, au ya kuchukua soda. Ikiwa meneja anategemea ukae mezani na mteja, ushikwe, ucheke, ili bia ziuzike, hiyo ni kazi nyingine isiyo katika mapatano yenu. Sheria inauhesabu unyanyasaji wa mfanyakazi, ukiwemo wa kijinsia, kuwa ubaguzi. Watafute wahudumu wa kike waliokaa pale muda mrefu, waulize bila meneja kuwepo. Baa ambayo wahudumu wake wote ni wapya kila mwezi imeshakujibu.

Ugonjwa, mimba, ajali

Kwa mlipwaji wa siku, mazoea ni kwamba usipokuja hulipwi. Malaria ya siku nne ni 40,000 imepotea, kabla ya dawa.

Aliyeajiriwa kwa mkataba, akishavuka miezi 6, ana likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 kwa mshahara kamili na 63 kwa nusu, akiwa na cheti cha daktari. Ana likizo ya mwaka ya siku 28 na likizo ya uzazi ya siku 84. Akiungua na mafuta jikoni au akianguka na kreti ngazini, kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ambao mchango wake hulipwa na mwajiri peke yake.

Lakini haki hizi hazikufungwa kwa anayelipwa mwezi tu. Mtu anayefanya kazi baa ileile mfululizo, siku 26 kila mwezi, ni mfanyakazi hata kama ujira wake hutolewa kwenye droo ya kaunta. Tatizo lake ni namna ya kuthibitisha.

Wote wawili mtatakiwa kupima afya, maana wanaogusa chakula na vinywaji hupimwa kila baada ya miezi 6. Uliza nani analipia. Hoteli nyingi hulipa. Baa nyingi hukuachia wewe.

Ushahidi

Kazi ya mkataba inakuachia karatasi: mkataba, karatasi za mshahara, kumbukumbu za NSSF, na ukiondoka, cheti cha utumishi. Benki au SACCOS inaweza kukukopesha kwa karatasi hizo, na hoteli inayofuata inaweza kukupokea kama mzoefu. Kazi ya posho mara nyingi hukuachia ujuzi wa mikono na majina ya watu, basi. Ujuzi huo ni wa kweli. Aliyewahi kuhudumia meza kumi Jumamosi usiku, kila mteja na bili yake kichwani, hafundishwi kasi na mtu. Ila akienda kuomba kazi hotelini atahesabiwa kama mgeni.

Sheria, kwa bahati nzuri, haikumwacha huyu mikono mitupu. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 inasema mtu huchukuliwa kuwa mfanyakazi, hadi ithibitishwe vingine, ikiwa lipo angalau moja kati ya mambo kadhaa: anafanya kazi chini ya maelekezo ya mtu, saa zake hupangwa na mtu huyo, anamtegemea huyo kwa kipato, hupewa vifaa vya kazi, au amemfanyia kazi kwa wastani wa angalau saa 45 kwa mwezi katika miezi 3 iliyopita. Mhudumu wa baa anatimiza karibu yote. Na mwajiri akishindwa kuonyesha maelezo ya ajira kwa maandishi, ni juu yake kuthibitisha kwamba masharti unayoyadai hayakuwepo.

Kwa hiyo jitengenezee ushahidi wako. Omba posho ije kwa M-Pesa au Airtel Money badala ya noti. Wenye baa wengi hawakatai, na kila ujumbe ni risiti yenye tarehe. Akikataa, nunua daftari dogo, andika kila siku saa ya kuingia, ya kutoka, ulicholipwa na kilichokatwa. Tunza ujumbe wa WhatsApp wa kupangiwa zamu.

Kuondoka nako kunatofautiana. Anayelipwa kwa siku au wiki, akishavuka mwezi wa kwanza, anastahili notisi ya siku 4. Wa mwezi, siku 28. Notisi hiyo ni ya pande zote mbili, kwa hiyo kwa kijana anayetafuta kazi bora, siku 4 ni uhuru wa kuondoka haraka nafasi ikitokea. Wanaofanya chini ya siku 6 kwa mwezi kwa mwajiri mmoja, kama vibarua wa sherehe za harusi mwisho wa wiki, vifungu vya mkataba wa ajira haviwagusi. Hao wadai fedha yao usiku uleule.

Kulingana na hali yako

Huna akiba na kodi ya chumba inakaribia: chukua ya posho, lakini uliza habari ya shoti kwanza, na usisimamishe maombi ya hoteli. Weka kando kidogo kila usiku hadi upate nauli na chakula cha mwezi mmoja, kwa sababu hicho ndicho kiingilio cha kazi ya mshahara.

Unasoma VETA au Chuo cha Taifa cha Utalii: posho ya mwisho wa wiki inakufaa kuliko zamu za hoteli zitakazogongana na masomo. Mafunzo kwa vitendo yafanye hotelini, upate jina kwenye karatasi.

Una mtoto mdogo, unapanga kupata mtoto, au una maradhi yanayorudi kama selimundu au pumu: ingoje ya mkataba ukiweza, hata ikilipa pungufu kidogo. Siku ishirini za kulala hospitali zitaimaliza tofauti yote ya chenji.

Unapewa kazi Nungwi, Kendwa au Paje, Zanzibar: uliza mwezi wa Aprili na Mei unakuwaje. Masika hoteli nyingi za pwani hupunguza watu au hufunga kabisa, na mshahara wa "mwezi" unaweza kuwa wa miezi tisa. Uliza pia malazi ni ya nani na yanakatwa shilingi ngapi.

Umebobea na una wateja wanaokufuata wewe: baa inaweza kukulipa zaidi ya hoteli kwa miaka mingi. Basi jijengee mwenyewe kile ambacho hoteli ingekujengea. NSSF inapokea wachangiaji wa hiari waliojiajiri na walio katika sekta isiyo rasmi, na kwa kuwa pensheni inahitaji michango ya miezi 180, kila mwaka unaouacha upite unahesabika.

Umeshachukua ya posho, na sasa ni miezi kadhaa bila maandishi yoyote: muombe meneja maelezo ya ajira kwa maandishi, siku ya mchana isiyo na wateja, ikiwezekana mkiwa wawili au watatu. CHODAWU, chama cha wafanyakazi wa hoteli, majumbani na huduma, hupokea pia watu wa baa na migahawa. Ukifukuzwa au ukikatwa fedha isivyo halali, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ujaze Fomu Na. 1. Kwa kufukuzwa una siku 30 tangu siku ile. Kwa madai mengine, kama posho zilizokatwa, una siku 60. Nenda na daftari lako na ujumbe wa simu.